Mwaka Tuliotafuta Ngozi ya Mwezi

Nsimire tulimzika siku ya posho, yaani Jumamosi, mvua ikinyesha, na mimi sikulia makaburini. Nililia tuliporudi nyumbani kwake Nyawera, hapa Bukavu, nilipoona vijana wamesukuma rafu zake za vitabu ukutani ili wageni wapate pa kukaa, na vitabu vya fizikia vimelundikwa chini ya meza pamoja na viatu vyenye matope. Wanafunzi wake wa zamani, waliozoea kumwita Metresi, walijaa uani, wengine wana mvi kuliko mimi. Mmoja wao, mama mnene mwenye sauti ya kuuza sokoni, akaniinamia: “Maman Feza, iko kweli banasema Metresi alikatala bwana juu ya maziwa?” Nikamjibu, “Hakukataa bwana. Bwana ndiye aliyekataa maziwa.” Wakacheka wote, hata waliokuwa wanalia, na mimi nikacheka nao. Lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani. Watu wanasimulia habari ile vibaya. Wengine wanasema alirogwa, wengine wanasema masista walimharibu akili, na juzi nilimsikia kijana mmoja akisema eti alikuwa anatengeneza bomu. Bomu! Basi acha niieleze mimi niliyekuwepo, niliyekuwa nashika upepeo wa makaa siku ile, kabla na mimi sijapelekwa kule juu kwenye matope.

Habari za ukoo wangu nitaziruka. Inatosha kujua kwamba nilitoka Mwenga, kwetu ni msitu na dhahabu, ng'ombe hakuna, na nilifika Bukavu bila kujua maziwa yanatoka upande gani wa mnyama. Mwaka ninaousema ni mwaka wa shule ulioanza 1957, wakati wa Wabelgiji. Tulikuwa mwaka wa tatu kwenye shule ya wasichana ya masista, juu ya kilima, mahali ambapo siku isiyo na ukungu unaona kisiwa cha Idjwi kimelala ziwani. Shule yenyewe ilikuwa ya kutufanya wake wa makarani: kupika, kushona, kupiga pasi, kupanga uma upande huu na kisu upande ule. Ukimaliza mwaka wa tatu, unarudi kwenu na sahani zako sita kichwani. Ila mwaka ule kulikuwa na maneno kwamba utafunguliwa mwaka wa nne, wa kutoa walimu wa kike, wenye hesabu na sayansi ndani yake. Ilibaki sahihi ya enspekta tu. Sisi wasichana tuliujadili mwaka huo wa nne kila tulipokaa kula, bugali baridi mkononi, ndagala, dagaa wa Uvira, wakitutazama kwenye sahani, na hakuna aliyeutaka kama Nsimire.

Nsimire alikuwa binti kutoka Kabare, nchi ya ng'ombe, mwembamba, mwenye mazoea ya kugusa kila kitu kabla ya kukiamini. Tulilala vitanda viwili vilivyopakana, chini ya mabati yaliyotuchoma saa nane mchana na kututetemesha alfajiri, na usiku wa kwanza kabisa aliniambia, akigonga bati kwa kijiko, “Kwetu nyasi haifanyake hivi.” Alikuwa amechumbiwa. Mchumba wake aliitwa Mushagalusa, kapita, msimamizi wa vibarua, kwenye shamba la miti ya kinini, mtu mzima, mpole, sikupata kusikia baya lake hata siku moja. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kufika kwa baba yake, na hao hao ndio waliokuwa wanangojwa na kaka yake Cubaka, maana kwao dada akiolewa, ng'ombe wake ndio wanaomletea kaka mke. Kwa hiyo vitu viwili vilisimama mbele ya Nsimire: kwanza huo mwaka wa nne uwepo, na pili ng'ombe warudi walikotoka. Cha kwanza kilikuwa mkononi mwa enspekta. Cha pili hakuna msichana aliyewahi kukifanya na akabaki na heshima yake.

Basi mwezi wa kumi Warusi wakarusha mwezi wao. Redio ya masista ilikuwa kwenye chumba cha wageni, na sisi tulikuwa tunapiga pasi kwenye baraza ya nyuma. Masere Huberta akafungua dirisha ili tusikie. Masere, ndivyo tulivyowaita masista, na huyu alikuwa Mflamandi mrefu, mikono mikubwa myekundu, aliyetufundisha upishi kwa uso wa mtu aliyefungiwa jikoni kwa makosa. Tukasikia sauti ya kitu kile kutoka angani, ti, ti, ti, kama kuku anayedonoa sahani ya bati. Mamere, mkubwa wa masista, akaja akalifunga dirisha. Alfajiri chache baadaye, tukienda misa, tukaona nukta inatembea juu ya ziwa bila haraka, ikaelekea upande wa mto Ruzizi, ikapotea. Nimesoma tangu hapo kwamba huenda tulichokiona kilikuwa ile roketi iliyokisukuma, si mpira wenyewe. Si kitu. Tulisimama na vitambaa vyetu vyeupe kichwani, tukachelewa misa, tukaadhibiwa.

Wiki ile somo lilikuwa la sufuria. Masere Huberta alipanga mezani sufuria ya chuma, ya alumini, nyungu ya udongo, akaanza kueleza ipi inafaa kwa mchuzi na ipi kwa maharagwe. Nsimire akanyosha mkono. “Masere, ile mwezi ya Warusi, bameitengeneza na sufuria gani?” Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikiwa mbele yao. Masere hakucheka. Aliketi juu ya kasha la unga, akajifuta mikono kwa aproni, akasema, “Sijui. Tutafute.” Namna alivyosema tutafute, nikaona kwamba mtu huyu alikuwa amengoja miaka mingi aulizwe swali lolote lisilo la mchuzi.

Kesho yake alikuja na vitu mfukoni: kipande cha waya nene ya shaba alichoomba na kupewa na mafundi wa umeme, msumari mrefu wa paa, mpini wa upawa wa alumini uliovunjika, kijiti, na kigae kirefu cha nyungu. Akavipanga kuzunguka mbabula, jiko letu la makaa, ncha moja ndani ya makaa, na kwenye ncha ya nje ya kila kimoja akabandika haragwe kwa nta ya mshumaa. Tukakaa kungoja. Haragwe la shaba likaanguka kwanza, pap! La alumini likafuata. La msumari likajivuta weee, tukaanza kulisema kama mtu mvivu, mwishowe nalo likaanguka. La kigae na la kijiti hayakuanguka kabisa, na kijiti kilikuwa kinawaka moto upande mmoja huku upande wa pili ukikishika ni baridi tu. “Joto ni msafiri,” Masere akasema. “Kuna barabara nzuri na kuna barabara mbaya. Sasa niambieni: huko juu hakuna hewa wala upepo wa kupoza. Upande unaotazama jua unaungua. Upande wa kivuli una baridi ambayo hamjaiona. Mpira wenu mtauvisha ngozi gani?”

Mimi nikasema udongo, na nilisema kwa nguvu. Kama kigae kinazuia joto lisipite, si ndicho hasa tunachokitaka? Ukipika maharagwe kwenye nyungu, unaishika shingo yake bila kuungua. Wasichana wengi wakawa upande wangu. Nsimire hakujibu kwa mdomo. Alichukua kijungu kidogo, akakisogeza upande mmoja kwenye makaa, na upande wa pili akakizungushia kitambaa cha maji baridi. Tulikuwa bado tunabishana kilipolia kraa! kikapasuka kutoka mdomoni hadi tumboni. “Umeona, weye Feza?” akasema. “Joto ikikamatwa fasi moja, itapasula. Upande moja inaiva, ingine inaganda, na bo wote ni mwili moja.” Akafanya vilevile na sufuria ya alumini, na baada ya kitambo kitambaa cha nyuma kikaanza kutoa mvuke. “Joto imefika ku kivuli. Kule njo itatokea, iende zake.” Mtu mmoja akauliza, na shaba je, si ndiyo ya kwanza? Nsimire akaipima waya mkononi, akaipima na mpini wa upawa, akasema, “Shaba iko muzuri. Ni nani ataibeba mpaka kule juu? Weye?”

Hapo mimi nikauliza swali ambalo mpaka leo nalidai ni langu, na nimelidai hata mbele ya Nsimire mwenyewe tukiwa wazee: “Sawa, joto linazunguka ngozi yote. Na msafiri aliye ndani? Si anaiva kama muhogo?” Masere Huberta akanitazama kama niliyempa zawadi ya Noeli. Jibu lilikuwa pembeni yetu muda wote, karibu na mlango: lile kasha letu la kupikia bila moto, lililojazwa majani makavu ya migomba, ambamo kila asubuhi tulizika sufuria ya maharagwe iliyochemka na kuikuta mchana bado inachoma ulimi. Majani yanayozuia joto lisitoke yatazuia pia lisiingie. Basi tukakubaliana: nje alumini, ya kugawa joto, ndani majani, ya kulikataza. Mwezi wa kumi na moja tukasikia Warusi wamepeleka mbwa. Wakati ule walituambia alikufa vizuri, bila kuumia. Miaka arobaini na zaidi ikapita ndipo redio ikasema ukweli, kwamba alikufa kwa joto, mapema sana. Nilimpigia Nsimire simu jioni hiyo. Akasema, “Mbwa maskini,” akakata.

Kazi ilituchukua miezi, katikati ya kushona na kupika. Masere alituombea mabakuli mawili mawili ya alumini, tukayafunika mdomo kwa mdomo, tukayafunga kwa waya, na huo ndio ukawa mwezi wetu. Tulitengeneza miwili. Wa kwanza ulikuwa na majani ndani na kibuyu kidogo katikati. Wa pili ulikuwa mtupu, wa kutiwa maji, ili watu waone tofauti. Msafiri wetu ndani ya kibuyu alikuwa maziwa, kwa sababu maziwa yakipata joto hayafichi: yanapanda, yanafoka, yanaganda. Na maziwa yaliletwa na Cubaka, kaka yake Nsimire, kila Jumapili, kutoka kwa ng'ombe mmoja mwekundu aliyekuwa ananyonyesha kati ya wale ng'ombe wa mahari. Kabla ya kuanza, wasichana wa Kishi, wa kabila la Nsimire, walimzunguka Masere kama baraza la wazee. Walitaka kujua kitu kimoja: maziwa yatabaki kwenye kibuyu? Hayatagusa bati? Masere akawaahidi, ingawa nadhani hakuelewa aliahidi nini. Mimi pia sikuelewa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nsimire ndiye aliyenieleza, tukifua mashuka. “Maziwa haitiwake mu chuma, na haichemshwake ku moto. Ukifanya vile, ngombe anasikia kule alipo. Matiti inakauka, ao inatoka damu. Na mwenye kuchemsha, hakuna mutu wa ngombe atamupokea tena ku lupango ya nyumba yake.” Nikamwuliza mbona masista wanachemsha maziwa kila asubuhi kwenye sufuria. “Ile ni ngombe ya bazungu,” akasema, kama kwamba hilo linamaliza maneno. “Na weye unaamini?” Akakamua shuka mpaka maji yakakatika. “Mi siamini. Papa anaamini. Mushagalusa anaamini. Na ngombe, ni yabo, haiko yangu.”

Siku moja ya mwezi wa tano nilikuwa napiga pasi vitambaa vya altare karibu na ofisi ya Mamere, na mlango ulikuwa wazi kidogo. Sikutega sikio, Kifaransa chao kilikuja chenyewe. Mamere alisema enspekta anakuja kuona meza iliyopangwa na shati lililonyoshwa, si mabakuli yaliyofungwa waya. Masere Huberta akajibu, “Akiona pasi tu, Mama, atatia sahihi ya pasi tu.” Mamere akasema, “Baada ya chakula, basi. Uani. Na kama wakimchekesha, mwaka wa nne usiniulize tena.” Nilimpelekea Nsimire maneno hayo mezani jioni, moto moto, nikidhani ataruka kwa furaha. Aliendelea kula maharagwe yake, moja moja. Halafu akasema bila kuinua macho, “Feza, kama mwaka wa nne inakuwa na miye siko ndani, itanisaidia nini? Mwezi wa saba miye ni ku Mushagalusa.” Nilimhurumia, nikampa samaki wangu.

Siku ya enspekta ilikuwa siku ya kiangazi, vumbi na jua. Mzungu mwenyewe alikuwa mnene, mpole, kaptula nyeupe, mwenye kusema bravo kwa kila kitu. Alisema bravo kwa supu, bravo kwa pasi, akala kuku wetu wawili. Kisha tukamtoa uani, tukamketisha kwenye kivuli. Cubaka alikuwa amefika asubuhi na kibuyu kikubwa cha maziwa, akabaki kwenye ua karibu na jiko atazame. Kazi yangu ilikuwa kupepea mbabula mbili. Kazi ya Nsimire ilikuwa kujaza na kufunga. Alijaza mwezi wa kwanza kama tulivyofanya mara nyingi: majani, kibuyu kidogo, maziwa, majani. Akaufunga, akaukabilisha na makaa. Kisha akachukua ule wa pili, ambao nilikuwa nimekwisha kuutia maji, akaumwaga pale chini mbele ya miguu yangu, akainua kile kibuyu kikubwa cha kaka yake, akamimina maziwa ndani ya alumini tupu.

“Nsimire, ile ni ya maji,” nikamnong'oneza.

“Nyamaza, weye. Pepea.”

Nikapepea. Sikuwa na akili ya kufanya kingine. Nyuma yangu wasichana wa Kishi walikuwa wameacha kupumua, na mmoja alianza kusema Salamu Maria kwa sauti ya chini. Enspekta alitabasamu, hakujua kitu, na Masere Huberta alitabasamu pia, maana yeye aliona maziwa badala ya maji, basi. Mikono ya Nsimire ilikuwa imetulia. Alifunga waya, akauweka mwezi ule juu ya makaa, akasimama kando yake kama mtu anayengoja zamu kwa daktari. Haikuchukua muda. Povu likatoka kwenye mshono wa mabakuli, likateremka, likaingia kwenye makaa, na ile harufu, harufu ya maziwa yanayoungua, ikajaa uani, ikapanda barazani, ikaenda mpaka jikoni. Cubaka akaita jina la dada yake, mara moja tu. Halafu akachukua fimbo yake akaondoka, kibuyu akakiacha.

Nsimire akamgeukia enspekta akasema kwa Kifaransa kilichonyoka kuliko shati lolote tulilopiga pasi: “Bwana Enspekta, alumini inagawa joto, haizuii. Aliyesafiri ndani ya huu amekufa. Tumtazame mwenzake.” Akakata waya wa mwezi wa kwanza, akafukua majani, akatoa kibuyu kidogo, akamimina kwenye bilauri. Enspekta akaishika, akaonja, akafungua macho. Yalikuwa baridi. Akauliza maswali, na nikaona ameacha kusema bravo. Alivuta kiti mbele, akataka kuona kijungu kilichopasuka, akataka maharagwe yaanguke tena. Mwishoni akauliza, “Kwa nini hukutia maji kwenye huo mwingine? Ingekuwa rahisi zaidi.” Nsimire akajibu, “Maji yangechemka ndani na hakuna ambaye angejua, Bwana Enspekta. Maziwa yanajulisha watu wote.”

Mwaka wa nne ulitiwa sahihi kabla gari lake halijawashwa. Mamere alitupa mkate na jemu. Lakini mezani jioni ile wasichana wa Kishi hawakukaa na Nsimire. Walisogea, mmoja mmoja, na sahani zao, kwa adabu, bila tusi, na hilo lilikuwa baya kuliko tusi. Mimi nikabaki. Mulega kama mimi hana ng'ombe wa kumwogopea. “Ulisahau?” nikamwuliza, ingawa nilijua.

“Sikusahau. Nilipenda. Nilijua ku asubuhi, wakati nilikuwa nachana nywele.” Akausukuma mkate wake kando. “Miye siwezi kumwambia Papa hapana. Nani anaweza kumwambia babake hapana? Lakini ngombe inaweza kurudishwa.”

“Na Cubaka ataoa na nini?”

Akaweka kichwa juu ya meza, karibu na mkate. “Njo ile inaniuma,” akasema. “Ingine yote haiumi.”

Baba yake angeweza kufunika mambo. Shahidi alikuwa mwanawe mwenyewe, na sisi wengine tulikuwa mbali. Lakini mzee yule hakuwa mtu wa kukaa na ng'ombe wa mwenzake baada ya kosa kama lile. Aliwaswaga mwenyewe mpaka kwa Mushagalusa, wote, zizi lake likabaki tupu, akamweleza kila kitu amesimama. Mushagalusa alimsikiliza, akampa kiti, akampa pombe ya ndizi, akawapokea ng'ombe wake. Alisema hana hasira, ila hawezi kumleta nyumbani mwanamke aliyefanya vile mchana kweupe, watoto wake watakunywa nini? Na yule ng'ombe mwekundu, nikwambie, aliendelea kutoa maziwa kama kawaida na akazaa tena mwaka uliofuata. Hakuna aliyebadilisha mawazo kwa ajili ya hilo. Habari ilishuka mpaka Kavumu, ikazunguka ziwa, na kwa nchi yote ya wenye ng'ombe Nsimire akawa yule aliyechemsha. Hakuna aliyekuja kumposa tena. Cubaka alioa baadaye sana, kwa jasho lake mwenyewe, na kwa miaka mingi alimwita dada yake “yule.”

Mwezi wa tisa nikarudi Bukavu kwa mwaka wa nne. Tulikuwa wachache. Kitanda cha pembeni yangu kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa, na siku zikapita. Masomo yalianza: hesabu, sayansi, kila kitu alichokitaka, na mimi ndiye niliyeketi pale, mimi niliyetaka tu kutorudi haraka Mwenga. Masere Huberta alikuwa amekwisha kuambiwa maana ya maziwa yale. Alikuwa akifundisha akitazama mlango. Kila mtu alijua kwamba binti aliyemtia baba yake aibu ile hatatumwa shuleni kama zawadi.

Walifika asubuhi moja kwa miguu kutoka Kabare, mzee mbele, Nsimire nyuma na sanduku kichwani. Mzee alikuwa mfupi, koti refu la kijeshi, miguu myeupe kwa vumbi. Tukamkalisha barazani. Hakusema alichokuja kufanya, na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Nsimire alisimama pembeni, sanduku bado kichwani, kana kwamba hajui kama atalitua au atageuka nalo. Mamere, ambaye alikuwa na roho nzuri na hakujua lolote la nchi hii, akaona mzee amechoka, akaingia ndani mwenyewe, akatoka na kikombe kikubwa cha bati lililopakwa rangi nyeupe. Ndani yake kulikuwa na maziwa ya moto, mvuke unapanda.

Masere Huberta alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. Alinyosha mkono akichukue kikombe kabla hakijafika. Mzee akainua kiganja.

“Acha, Masere.”

Akakipokea. Akakitazama ndani, akagonga ukingo kwa ukucha, likalia bati. Kisha akamtazama binti yake, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu waondoke nyumbani, maana Nsimire alishtuka.

“Mi siko na ngombe tena,” akasema. “Hii itaumiza nani?”

Akanywa. Hakunywa kwa haraka wala kwa kuonja. Alikunywa kama mtu anayenywa dawa aliyoamua kuinywa, mpaka chini, koo likipanda na kushuka, na sisi wote tumesimama tukimtazama. Akajifuta mdomo kwa mkono wa koti. Akampa Nsimire kikombe kitupu, naye ikambidi atue sanduku ili akipokee kwa mikono miwili, magoti chini.

“Ile kitu ulichomea maziwa,” baba yake akamwambia, “uijue mpaka mwisho.”

Akachukua fimbo yake, akawaaga masista, akateremka kilima bila kugeuka. Nsimire alibaki amepiga magoti, akilia kwa sauti, kikombe kifuani. Nikabeba sanduku lake mpaka chumbani, nikakunjua godoro.